Damu ya Kinyozi

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zetu kabla ya yote. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji bado anakuficha viatu ili usitembee? Sisi wazima, isipokuwa mwanao Kibonge, ambaye jina na mwili bado havijapatana.

Dada, sababu tumeambiwa. Ana tundu kwenye moyo. Daktari alinichorea nyuma ya fomu: vyumba vinne, na milango inayofunguka upande mmoja tu. Upande wa kulia unasukuma damu iliyochoka iende mapafuni kuchukua hewa. Wa kushoto unaipokea ikiwa safi, unaisukuma mwili mzima. Kwa Kibonge ukuta wa katikati umetoboka, damu safi inavuja kurudi ilikotoka, na moyo unafanya kazi mara mbili. Ndiyo maana akipanda ngazi tatu anakaa chini kuhema.

Jumanne watampasua, watie kiraka. Niliposikia kiraka nikakaa sawa kwenye kiti. Kiraka nakijua mimi. Mchoro nimeubandika juu ya cherehani.

Shida ikawa damu. Hospitali walitaka watu watatu wachangie kabla ya Ijumaa, la sivyo kitanda kingekwenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nilikataliwa kwa kuwa nanyonyesha mdogo wake. Baba yake akatoa, baba yake mdogo akatoa. Wa tatu akajitolea jirani yetu kinyozi, yule mwenye maneno kama redio. Mama mkwe akamfukuza palepale kwenye benchi.

"Mjukuu wangu akiamka anasema kama wewe, nani atalala nyumba ile?"

Hakuwa anatania, dada. Kinyozi akaondoka kimya, mara ya kwanza maishani mwake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Sikulia. Nilimshika mama mkono mpaka maabara, nikamwomba mtaalamu amwonyeshe. Akatoa kichupa cha damu iliyozungushwa kwenye mashine. Juu maji ya njano, wanayaita plazma, yanabeba chakula. Katikati kamstari keupe: humo mna chembe nyeupe, askari wa maradhi, na chembe sahani, zinazoziba kidonda kisivuje. Chini nzito nyekundu, wapagazi wa hewa.

Mama akakitazama weee. "Na maneno yako wapi?"

"Maneno hubaki mdomoni, mama," mtaalamu akamjibu. "Tena hiyo mnayoleta huenda akapewa mwingine, na mjukuu wako apewe ya mtu msiyemjua."

Mama akatoka peke yake kwenda kwa kinyozi. Walirudi wakibishana njia nzima, na kinyozi akatoa damu huku anaongea mpaka sindano ilipochomolewa.

Sasa tunangoja. Naogopa, sikufichi, lakini sirudi nyuma. Gauni la Kibonge la kutokea hospitali nimeshalikata, na nimeliongeza upana, kwa mwili atakaoupata.

Ombi langu ni moja. Nenda ukatoe damu hukohuko kwenu. Najua wewe na sindano hamjaivana tangu utoto. Haitafika huku, lakini yupo mwana wa mtu anayeingoja, na wa kwetu anaingoja ya mtu.

Nisalimie shemeji, mapacha, na shangazi wa kona. Mola awafunike kwa rehema zake, nasi atupitishe Jumanne salama.

Mdogo wako akupendaye daima,
Mama Kibonge