Shemeji yako na samaki wake wenye haya

Mwenzangu, uko hapo? Nimekimbilia jikoni, nimeziba mdomo na kanga nisicheke kwa sauti. Shemeji yako kaniaibisha mbele ya bosi wake!

Lile tangi lake la samaki si unalijua? Wiki nzima wamejibanza chini ya mawe, hawaonekani. Leo mtaalamu wetu kayatoa mawe yote. Eti, "Wakikosa pa kujificha watatoka wenyewe."

Watoke wapi! Bosi kafika, samaki wote wako nyuma ya pampu. Shemeji yako kashika kijiko, anagonga kioo. KIJIKO! "Tokeni, kuna mgeni!" Anawaambia samaki!

Kumbe huyo bosi, mama wa watu, anafuga samaki miaka na miaka. Kamtazama weee, kisha kamwambia taratibu, "Samaki mwoga hutoka akijua ana pa kukimbilia." Kamaliza maji yake, kachukua ile glasi, kailaza ndani ya tangi iwe maficho yao.

Dakika kumi tu, wote nje, wanapiga doria.

Na mtaalamu? Kaingia chumbani "kutafuta chaja". Nusu saa sasa. Bosi kaniuliza, uso mkavu kabisa: "Na huyu tumgongee kijiko?"