Mashine za Mama Zinakuja Kwenu

Nyumba za Wafanyakazi,
Mlango wa 7.
Jumapili, tarehe 16 Februari.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo wewe, na baba mdogo hajambo? Kile kikohozi chako kimekwisha? Sisi huku tunapumua. Bibi anasumbuliwa na goti akiinuka, lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Juzi alimwambia fundi bomba kwamba anakaza koki kama anayebembeleza mtoto.

Barua yako tuliipata. Niliisoma kwa sauti, na nilipofika pale uliposema kiwanda kikubwa kinajengwa nyuma ya nyumba zenu, na kwamba dada Chiriku ameandikishwa kazi humo, mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Tafadhali likumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Unajua kwamba nilipomaliza shule nilichukuliwa ofisini hapa kiwandani kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilipewa daftari, nikaambiwa nikae kando ya kila mfanyakazi niandike anavyoiendesha mashine yake, hata yale ambayo hayamo kwenye vitabu vya mafundi. Kazi hiyo ilinifaa, maana haikunitaka niseme. Ilinitaka nisikilize.

Mama amesimama kwenye mashine ya kusokota uzi miaka kumi na tisa. Alinieleza kwamba uzi ukikaribia kukatika, mashine hubadilisha sauti kidogo, kama mtu anayezuia chafya mbele ya wageni. Hapo yeye huiwekea kiganja ubavuni, kisha hupunguza mwendo.

“Hilo usiliandike,” alisema. “Watasema napiga soga na chuma.”

Niliandika. Nilimjazia kurasa sita, nikajiona nimemheshimu mama yangu.

Alhamisi msimamizi aliniita ghalani. Mashine kumi na mbili zilikuwa zimefungwa ndani ya masanduku ya mbao. Akanipa rangi na brashi ili niandike juu yake zinakopelekwa. Nilidhani zinakwenda kutengenezwa. Alinitajia anwani nami nikaandika, na mkono haukusita hata kidogo, kwa kuwa uliizoea. Nilikuwa nimemaliza sanduku la pili ndipo nilipotambua. Ni mji ule ule ninaouandika kwenye bahasha zako, Mama Mdogo, na barabara ile ile.

Kiwanda kinachojengwa kwenu ni hiki chetu.

Brashi ilinianguka, ikachafua kiatu cha msimamizi.

Ijumaa wote waliitwa uani. Msimamizi alisema huko kuna reli mpya, umeme haukatiki na ardhi imetolewa bure. Waliozidi miaka arobaini, mama akiwa mmoja wao, wataachwa. Vijana wachache watakwenda kuwafundisha wafanyakazi wapya, na mafunzo yote yameshaandikwa. Akanyanyua madaftari yangu juu, watu wote wakayaona.

Mama mmoja wa chumba cha kufuma alinigeukia. “Kumbe haka kakimya ndiko kalikotuuza! Kikulacho ki nguoni mwako.”

Mama yangu alimjibu papo hapo. “Alipokuuliza si ulijibu? Tena ulimwita mara mbili arudi asahihishe, ukitaka usifiwe. Mwache mwanangu.”

Tulirudi nyumbani. Mama alikaa kitandani na viatu vyake, yeye ambaye hutufokea tukikanyaga mkeka. Baadaye akauliza jambo moja tu: “Mdogo wangu alijua kwamba ni mashine zetu?”

Nilisema hukujua. Bibi akasema hakuzaa maadui. Tangu siku hiyo mama hajakutaja tena.

Basi nakuuliza, na unisamehe, kwa sababu nikiwa mbele yako nisingethubutu: ulijua? Kama hukujua, mwandikie mama mwenyewe, jina lake liwe juu ya bahasha. Na kama ulijua ukaogopa kusema, mwandikie vile vile. Mimi najua jinsi mtu anavyoweza kuogopa kusema.

Jina langu limo kati ya vijana wanaotakiwa kuja huko. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Mama anasema niende, kwani kazi ni kazi. Lakini sitaweza kulala nyumbani kwako na kumwonyesha Chiriku pa kuweka kiganja, huku mama akidhani mlimficha. Nitamjibu msimamizi baada ya kukusikia.

Leo asubuhi mama aliniletea lile daftari langu la kwanza la rasimu, lililobaki nyumbani. Akanitaka niongeze kwamba anayeanza kazi afunge nywele na asivae mikono mirefu, maana ile mashine ya tatu inavuta. Sikumuuliza alikuwa akimfikiria nani.

Bibi anakusalimu sana, na anataka kujua kama bado unakula upesi upesi. Msalimie baba mdogo, na Chiriku umwambie nampenda na sina kinyongo. Mama hajatuma salamu. Nimemsubiri mpaka nafika mstari huu, basi zangu nazileta mara mbili.

Mungu awakinge nyote, na ailinde mikono ya dada yangu.

Wako akupendaye,
mtoto wa dada yako.