Divai ya Mzee Censin Niliyoitema

Kaka yangu mpendwa Delio,

Pokea salamu zetu sote, na za mbwa pia, ambaye mpaka leo analalia lile koti uliloliacha mlangoni. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ajentina, wewe, wifi na watoto, na kwamba ng'ombe wenu wanatoa maziwa bila hila. Sisi hatujambo, isipokuwa baba na nyonga yake. Anatembelea fimbo mbili na ulimi mmoja, na ulimi ndio unaotuchosha.

Ukungu umeshashuka na majani ya mizabibu yanapukutika, na unajua maana yake mgahawani kwetu. Ni wakati wa baba kuzunguka maghala ya watu akionja, ili kila chakula cha majira haya kipate divai yake. Mwaka huu daktari alimkataza ngazi za kushukia maghalani. Alinuna wee, kisha akaniita jikoni akasema, kama mtu anayeng'olewa jino, kwamba nitakwenda mimi. Unakumbuka mama alikufa bila kukanyaga ghala letu, kwa kuwa babu alishikilia kwamba mwanamke akiingia divai inachacha. Baba akaniahidi kwamba nikichagua vizuri, ufunguo wa ghala utakuwa wangu. Nikiharibu, atamwita binamu Fulvio kutoka Asti, ambaye, kwa maneno ya baba mwenyewe, huchagua divai kwa kutazama picha kwenye chupa. Kaka, ufunguo ule nimeutamani tangu nikiwa mtoto.

Aliniaga kwa mahubiri yake yale yale, kwamba divai ya kiangazi ni ya kukata kiu, lakini ya mapukutiko lazima ijue kukaa mezani na kusikiliza maongezi. Nitafute Dolcetto nyepesi ya siku za kazi, Nebbiolo ya kuandamana na sungura wa kuoka, na kwa karamu ya Mtakatifu Martino nilete Barbera ya Mzee Censin, si nyingine. Banya kauda, ule mchuzi wetu wa moto wa karamu, alisema, ina mafuta na saumu na dagaa wa chumvi wa kumwangusha farasi. Ukiipa divai ya kizee na ya heshima unaidhalilisha divai na unauharibu mchuzi. Inataka Barbera yenye ukali, na ukali wa Barbera ya Censin yeye baba anaujua tangu ujana.

Dolcetto na Nebbiolo nilizipata bila taabu. Kwa Mzee Censin ndiko nilikoharibu. Alinipokea kwa furaha, akanikatia soseji, akavuta divai kutoka kwenye pipa akanipa glasi. Nikainusa, nikaionja, nikageuka nikaitema kwenye mfereji wa sakafuni. Najua unashika kichwa. Wafanyabiashara wa mjini hutema, na huyu mzee huwasema mwaka mzima. Mtu wa hapa kwetu hajawahi kutema divai mbele ya aliyeitengeneza. Alitazama mfereji, akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Mirella, binti yangu, nimekukosea nini?" Akafunga bomba la pipa na kuniambia nimpe baba salamu, na mwaka huu anywe maji ya kisima.

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Baba alisema heri ningemtemea Censin usoni, angejipangusa yakaisha. Livio alijaribu kunitetea, akaambiwa mume anayetetea mambo asiyoyajua akapasue kuni. Nikaenda kuonja Barbera za watu wengine. Moja ilinuka kabati jipya, nyingine ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi. Karamu ilikaribia, na nikamsikia baba akimtafuta Fulvio kwa simu. Nililia, kaka, sikufichi.

Asubuhi yake nikarudi kwa Mzee Censin. Nilimkuta akifagia ghala, akaendelea kufagia. Nikamwambia jambo moja tu, nimesimama pale pale mlangoni. Aliacha kufagia, akavua kofia, akaenda kuosha glasi. Mchana nilirudi na Barbera yetu kwenye gari, na baba hakuamini. Mpaka leo anadhani nilipiga magoti.

Karamu ilijaa hadi uani. Ile Barbera ilikaa na mchuzi kama mke na mume waliokwisha kugombana vya kutosha. Mezani wakanyamaza kwanza, na hapa kwetu hiyo ndiyo sifa. Kisha baba akasimama kwa fimbo zake, akaweka ufunguo mbele yangu, akasema kwamba babu alikosea na yeye alikosea kwa kumfuata. Nilishindwa kumtazama. Akajaza glasi mpaka juu na kunikabidhi, maana unajua aliyechagua hunywa glasi ya kwanza akiwa amesimama, na huimaliza. Watu wote macho kwangu. Mzee Censin akainuka, akaninyang'anya glasi, akasema aliyetemewa ana haki ya kwanza, akaimwaga yote kooni. Watu walicheka hadi wakakohoa, na baba akanung'unika kwamba kwa Censin kila sababu ya kunywa ni nzuri.

Sasa, Delio, nikwambie nililomwambia mlangoni. Nina mimba. Zile mbili tulizopoteza tulizitangaza mapema, na nadhani kilichomuumiza baba zaidi ni kukiteremsha kitanda cha watoto kutoka darini na kukipandisha tena. Kwa hiyo safari hii mimi na Livio tuliapa kunyamaza mpaka mwezi wa nne, na daktari amenikataza hata tone. Nilikuwa nikinusa na kutema, nikiomba Mungu nisionekane. Mzee Censin aliponisikia alisema, "Basi wewe nusa taratibu, mimi nitakunywa kwa niaba yako." Tukapita pipa kwa pipa, mimi nanusa, yeye anameza na kunieleza inavyoshuka, mpaka akaanza kuimba. Hajamwambia mtu, hata mkewe.

Baba nitamwambia mwisho wa mwezi huu, Mungu akijalia. Ukipiga simu kabla ya hapo usinipongeze, kwani simu iko kaunta naye husikiliza. Naogopa, kaka, lakini safari hii nina furaha pia, na nilitaka uijue hata kama haitadumu.

Tunategemea mwezi wa Mei. Hapo huko kwenu majani yatakuwa yanapukutika. Njoo uwe baba wa ubatizo, na ulete divai ya majira yenu, uliyoionja mwenyewe. Glasi ya kwanza nitaimaliza mimi, nimesimama.

Wasalimie wote, mmoja mmoja kwa jina.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mirella