Mikono ya Roboti

Muhima, Ijumaa, 1991

Eti mkaguzi! Mtu katoka Nairobi na mkoba wa ngozi kuja kupima mikono ya midoli, na patroni wetu, mwenye kiwanda, anamfuata nyuma kama kifaranga.

Zamani tulitengeneza vitana na mabeseni kwa amani. Patroni alipopata leseni ya kutengeneza roboti za kuchezea za Wajapani, akaitundika ukutani kama picha ya Papa. Kwenye mchoro wao roboti kakunja ngumi. Mama Vestine, mpachikaji wetu, akazipachika roboti za boksi zima mikono ikinyooka mbele, zikumbatie, maana sisi ndivyo tunavyosalimiana.

Mkaguzi wa Wajapani akafoka: "Nani kafanya ujinga huu? Afukuzwe leo, au leseni naondoka nayo!"

Nikamtazama Mama Vestine. Mjane, ana watoto wanne.

"Ni mimi, bwana mkubwa," nikasema. "Nimetembea Bujumbura mpaka Mombasa, watu nawajua. Roboti asiyesalimia nani atamnunua?"

Patroni anajua mimi ni wa kuyeyusha plastiki tu, sijapachika hata kidole. Akaangalia viatu vyake. Mwoga yule!

Basi nimefukuzwa. Mke wangu kaniuliza mbona nimerudi mapema, nikamchekesha. Naogopa kumwambia.

Lakini Jumatatu Mama Vestine ataingia kazini, na patroni atamsalimia bila kumtazama usoni.