Gia za Kumpandishia Bibi Kilima

Jumamosi, Ikwiriri. Mvua ya alfajiri ilikatika mapema, jua likatoka, vumbi la barabarani likalala. Mapaja yananiuma lakini moyo umetulia.

Hapana. Umetulia nusu.

Tangu mwezi uliopita nimekuwa mtu wa gia za baiskeli. Mimi fundi simu, nalala nikitazama picha za meno ya chuma. Mtandaoni wanaiita kaseti, lile rundo la visahani vya meno kwenye gurudumu la nyuma, kila kisahani mafundi hukiita jino. Huku kwetu ukitaja kaseti utaulizwa ya taarabu au ya mawaidha.

Chanzo ni Bibi. Ndiye aliyenilea, na sasa tunaishi wawili tu. Bodaboda hapandi tangu moja ilipomwangusha sokoni, na gari za njia ya Mkongo zinamtapisha. Kwa hiyo akitaka kwenda njia hiyo kumwona mdogo wake, Bi Somoe, ambaye miguu haimbebi tena, nampakia mimi kwenye keria ya baiskeli yangu ya gia. Anakaa upande, mkono mmoja kiunoni kwangu, mwingine kwenye kikapu. Njia nzima ananitania, maana kwetu bibi na mjukuu ni watani na mimi ni mume wake tangu nazaliwa. Nikihema, anasema ameozwa kikongwe. Nikinyamaza, nina mwanamke mwingine.

Safari iliyopita, kwenye kilima cha mchanga kilicho njiani, gia ziliteleza. Meno yalikuwa yamelika hadi yamechongoka, cheni haishiki. Nikakanyaga hewa, tukayumba, Bibi akashuka na kukipanda kilima kwa miguu, akisimama kila baada ya hatua chache. Tulipofika juu hakunitania. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mume wangu, Somoe n'takuwa namsalimia kwa simu. Weye umechoka, na miye mzito."

Bi Somoe hasikii kwenye simu. Bibi analijua hilo.

Sikuwa tayari kuwa mtu aliyewatenganisha wale wawili kwa sababu ya vipande vya chuma. Nikaanza kutafuta gia nyepesi, na kutafuta kukawa ugonjwa. Nilikwishang'oa kengele, stendi na madigadi ili baiskeli ipungue uzito. Bibi akayaona madigadi uvunguni akaniamuru niyarudishe, eti kanga zake haokoti njiani.

Juzi tulikwenda Kibiti kwa basi, mimi nimepakata gurudumu la nyuma, yeye amepakata mkoba. Nilimwambia abaki. Akasema mume hatumwi dukani peke yake, atarudi na vitu vya kung'aa.

Duka la spea ni la Kaka Murtaza. Familia yao ya Kihindi imeuza baiskeli palepale tangu enzi za babu yake, naye anazungumza kama mtu wa Kibiti kwa sababu ni mtu wa Kibiti. Akatuwekea kaseti tatu juu ya meza. Ya kwanza mpya, ya chuma kitupu, rahisi, nzito kama jiwe la kusagia. Ya pili ilikuwa mtumba kutoka Dar, imesafishwa inameta, na wepesi wake ulinifanya niigeuzegeuze kwa furaha. Nilishaipenda. Bibi akapima moja mkono huu, moja mkono huu, akanisogezea ya kung'aa.

Murtaza akacheka. "Bibi, hii ya vijana wa mashindano, ya kukimbilia lami. Jino lake kubwa lenyewe dogo. Huyu akikupakia kilimani, mtashuka wote."

Hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi. Uzuri wa kitu ulinisahaulisha. Kaseti nyingi nyepesi ni nyepesi kwa sababu zimepunguziwa yale meno makubwa yanayokubeba mlimani.

Ya tatu nayo ilikuwa mtumba, ina mikwaruzo, lakini jino kubwa ni la alumini, pana kama kisosi, na mengine yametobolewa matundu kupunguza uzito. Murtaza akaijaribu kwenye gurudumu langu, ikaingia. Akasema cheni ya zamani italila jino jipya, kwa hiyo na cheni nayo. Hapo nikaanza kujikuna kichwa. Bibi ndiye aliyemalizia. Alimuuliza Murtaza kama babu yake angemwacha mjane aondoke bila cheni. Murtaza akaangalia dari, akashusha bei mpaka nikaona haya mimi niliyenunua.

Leo ndiyo ilikuwa siku yake. Nimehangaika mwezi mzima na uzito wa kitu kinachoenea kiganjani, halafu Bibi akapakia nazi, mchele, uduvi na fenesi zima.

Kilimani nikashika gia nikisubiri pumzi iishe ili nihamie jino kubwa. Nikasema nitahama kwenye ule mkorosho. Tukaupita. Nikasema kwenye kichuguu. Tukakipita. Bibi nyuma anasimulia habari za jirani yetu, hajakatiza hata neno, na mara tukawa juu.

Nilipaswa kushangilia. Cheni inashika, meno yanaitika, kila kitu kimefanya kazi yake. Lakini nimempakia huyu mwanamke tangu nikiwa shule, naujua uzito wake kama ninavyojua njia ya kurudi nyumbani. Leo ulikuwa umepungua, na fenesi lilikuwepo.

Bibi amekwisha. Amekonda chini ya kanga zake, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye picha za kaseti.

Kila jioni nikitoka kazini nakuta sahani yangu imefunikwa kawa, kipande kikubwa cha samaki juu. Yeye amekaa pembeni na ushungi wake, ananiambia, "N'shakula mume wangu." Nami nakula, namsimulia habari za simu za watu.

Kwa Bi Somoe walishikana mikono kama wasichana, wakacheka mpaka Bi Somoe akapaliwa. Niliwaacha nikaenda kukaa na baiskeli.

Njiani tukirudi Bibi aliniuliza, "Gia zako zinafaa?"

"Zinafaa sana, Bibi."

"Basi Jumamosi ijayo tena. Maana naona sasa umepata nguvu."

Nikamwambia ndiyo, nimepata nguvu. Sikumwambia kwamba lile jino kubwa sijaligusa.

Kesho nafunga kibanda changu cha simu kabla ya magharibi. Kawa nitalifunua mwenyewe akiwa ameketi mbele yangu, samaki nitamgawa katikati, na sahani itakuwa moja. Akisema ameshakula, nitamwambia mke haachi mumewe ale peke yake. Utani aliuanza yeye.