Toleo la Kumi

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mashine nimekatazwa kuigusa tangu Jumatatu. Niko stoo ya shirika, Nyakato ileile, napanga magunia ya mbegu za pamba na vumbi lake limenikaa kooni. Usiulize kwanza nimefanya nini. Nitasema mwenyewe, ila niache nianzie pale ninapoweza.

Tangu uondoke Aprili, hakuna aliyekikalia kiti chako. Kikombe chako cha chai Meneja alikifanya cha kuwekea kalamu, nikakirudisha mezani kwako, akakichukua tena. Ndiyo vita yetu hiyo, na bado sijashindwa.

Basi Alhamisi ya wiki iliyopita walikuja mafundi wawili kutoka Dar, wakapandisha mfumo wa ile mashine kubwa ya kompyuta kutoka toleo la tisa kwenda la kumi. Jambo lilelile ulilokuwa ukilipinga kila kikao, hadi Meneja akakubatiza jina la Breki. Ijumaa asubuhi nikaiwasha programu yako ya orodha za mbegu, ile inayosema mkulima yupi apewe mifuko mingapi na kwenye ghala lipi. Ikasimama mlangoni. Kwenye kioo yakatokea maneno yako mwenyewe: "TOLEO LA MFUMO NI LA ZAMANI MNO. SIENDELEI. MUONE MASANJA."

Mwalimu, nikuone wapi?

Na Magu mvua ilikuwa imeshanyesha siku tatu. Msimamizi wa ghala alipiga simu saa mbili, akapiga tena saa mbili na nusu, anasema watu wamejaa uwanjani na mikokoteni yao, na bila orodha hawezi kufungua mlango. Mafundi wa Dar walisoma yale maneno wakacheka. Mfumo mpya kabisa, wakasema, programu inauitaje wa zamani? Meneja hakucheka. Alisema uliacha mtego makusudi, ili siku mfumo ukibadilishwa kila kitu kisimame na sote tukukumbuke. Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema familia ya mtu aliyelihujumu shirika haiwezi kuendelea kukaa kwenye nyumba ya shirika. Karani akaambiwa aandae barua ya kumtoa Mama Kulwa pale Igogo, ije isainiwe kwenye kikao cha saa tisa alasiri. Mapacha wako wako katikati ya mtihani wa kidato cha nne, na huyu anataka kuwatolea vitanda nje!

Nilikuwa na saa tano tu kabla ya kikao. Nikaifungua programu yako.

Kwa nini inauliza toleo, nilijua. Uliniimbia wimbo huo hadi nikachoka: programu ipige hodi kwanza, iuulize mfumo wewe ni toleo gani, ndipo iguse jina la mtu. Mwaka ule baada ya matengenezo mashine ilirudishiwa toleo la zamani bila mtu kujua, na majina ya vijiji vizima vya Magu yakadondoka kwenye orodha. Ulikwenda mwenyewe kuomba radhi, ukarudi na kuku wawili uliopewa na haohao uliokwenda kuwaomba msamaha. Nilikucheka wiki nzima.

Mstari wa hodi niliufikia saa sita. Niliusoma mara nne nikidhani macho yananidanganya. Mfumo unataja toleo lake kwa tarakimu, na wewe ulizilinganisha moja moja kuanzia kushoto, kama karani anavyopanga majina kwa herufi. Ukipanga 10 na 9 hivyo, unaanza kuitazama ile 1 na ile 9. Moja ni ndogo, basi 10 inakuwa nyuma ya 9, na mfumo mpya unaonekana mzee. Hapakuwa na mtego wowote. Ulikosea, Mwalimu. Tena kosa lilelile ulilolizungushia wino mwekundu kwenye zoezi langu la kwanza.

Lakini nani angeniamini? Meneja angesema mtu wa miaka thelathini kazini hakosei hivyo, kakusudia. Nikaenda kwenye faili la bluu, nikaitafuta fomu ya ukaguzi ya programu hiyo. Mwandishi: Masanja. Mkaguzi: Nyamizi. "Nimesoma mistari yote na nimeridhika." Na chini saini yangu, yenye ule mkia mrefu uliokuwa unaucheka. Mtu anayetega mtego hampi mwenzake ausome. Karatasi ile ilikusafisha kabisa, ila mimi ilinizika.

Kwa sababu sikusoma.

Ulinipa kurasa tatu, ukasema nikague, wewe una macho mawili tu. Nikajiuliza mimi nani hata nikukague wewe. Nyumbani kwetu mtoto hamwambii mzee anyooshe mikono aone kama amenawa. Nikasaini chai yako haijapoa, nikakurudishia kwa mikono miwili kama binti mwenye adabu. Ukaniuliza, "Umesoma, Nyamizi?" Nikakujibu, "Nimesoma, Mwalimu."

Hili linalofuata naona aibu kuliandika. Ile fomu niliikunja nikaificha kwenye sidiria. Mkataba wangu unaisha Machi na mama yangu ananitegemea, wewe unajua. Nilikaa chooni nikijiambia marehemu haumii. Nilipotoka nikakutana na karani kwenye korido, ameshika barua ya Mama Kulwa, jina lake lote limeshachapwa. Miguu ikamfuata karani hadi ndani ya kikao. Nikaitoa ile fomu, nikaikunjua mezani mbele ya Meneja.

Nikasema, "Masanja hakumtega mtu. Alikosea, akanipa nimkague, nikasaini bila kusoma."

Meneja aliisoma fomu muda mrefu, akaniuliza kwa nini nilifanya hivyo. Nikamwambia, kwa sababu alikuwa Mwalimu. Barua ya Mama Kulwa aliichana palepale.

Nikaandika mstari mpya unaolinganisha matoleo kama namba. Kabla ya kuuwasha nikamwomba fundi mmoja wa Dar ausome. Akausoma kwelikweli, kidole kwenye kioo, akakuta nimesahau kuondoa nafasi tupu iliyo mbele ya tarakimu. Nilikasirika, Mwalimu! Halafu nikaona haya kwa kukasirika. Saa kumi na moja orodha zilikuwa zimefika Magu na ghala likafunguliwa. Jumatatu nikapewa barua yangu: miezi mitatu stoo, na mkataba utatazamwa baadaye.

Jana nilikwenda Igogo kumweleza Mama Kulwa yote. Nilitegemea anifukuze. Alinitengea ugali na sato, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Siku ile alirudi nyumbani anaimba. Akaniambia, leo Nyamizi amenikagua, sasa hata nisipokuwepo, pale pana mtu."

Hapakuwa na mtu pale, Mwalimu. Palikuwa na mwoga mwenye kalamu. Ulikwenda na furaha niliyokupa kwa uongo, na sina pa kukufuata nikuambie. Nisamehe.

Kwenye yale maneno ya kioo, Ijumaa ileile niliambiwa nifute jina lako. Nililifuta, nikaweka langu, maana watu wanahitaji mtu wa kumwona. Wakinirudisha kwenye mashine, programu zako zote nitazisoma, na utakapokuwa umekosea nitaandika pembeni kwa wino mwekundu: Mwalimu, hapa umekosea. Wasiponirudisha, nitamwandikia hivyo mwingine yeyote nitakayefanya naye kazi, awe mkubwa kiasi gani. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Pumzika, Mwalimu wangu. Barua hii nimeisoma mara mbili kuanzia juu hadi chini, nimekuta makosa mawili, nimeyarekebisha. Ndipo naiwekea saini.

Nyamizi