Magunia Arobaini

Jumapili, 11 Januari

Nimepima tena magunia yote arobaini ya mchanga. Kilo ishirini na tano kila moja. Jumla elfu moja kamili. Huo ndio uzito wa manjaniki yangu, ile manati kubwa waliyovunjia ngome watu wa kale: magunia yanaanguka upande huu, mkono wa mbao unaruka, jiwe linakwenda. Ukuta uko mita mia. Jiwe langu linatua mita themanini na sita, mtaroni. Mara saba kati ya saba.

Nimeijenga wiki tano katika karakana yangu ya mtaa wa Hamriya, huku ugenini. Kamba nilichagua mwenyewe sokoni Matrah. Hakuna aliyenifundisha. Leo wameleta mhandisi kutoka ng'ambo, shati limepigwa pasi. Ameiona mizani yangu akacheka.

Filamu ni ya vita vya dini vya zamani. Ngome ni ya plasta na mbao, bondeni nyuma ya Bustan. Waislamu wanazingira, askari wa msalaba wako ndani. Mimi Mkristo nawarushia mawe watu wa msalaba. Shemeji yangu Musa, Mwislamu wa Mumias, swala tano, amevikwa joho la msalaba mwekundu kifuani. Eti kwa sababu ni mrefu na kofia ya chuma inaficha uso.

"Shemeji," ananiambia, "miaka sita umeniombea niokoke. Haya, furahi basi."

Alimwoa dada yangu Rose, akambadilisha dini. Siku hizi anaitwa Rehema. Mimi namwita Rose.

Jumatatu, 12 Januari

Mazoezi ya kupanda ngazi. Panga ni za mbao, mikono ni ya kweli. Mganda mmoja amepigwa rungu la mdomo, meno mawili yakabaki kwenye ngao. Jamaa wa Kisumu kavunjika kidole, mfupa nje. Damu ikachuruzika kwenye plasta nyeupe. Mkurugenzi akapenda, akasema isioshwe. Kuanzia hapo kila mtu anapiga kweli. Anayevuja damu ndiye kamera inamfuata. Majeruhi kufikia jioni: kumi na mmoja.

Jumanne, 13 Januari

Adhuhuri watu wote hushuka ukutani kusali na kula. Nusu saa, na ndipo tunarusha jiwe, ukuta ukiwa mtupu. Deraya ya Musa inafungwa mgongoni kwa kamba, watu wawili, robo saa kuifunga na robo saa kuifungua. Kwa hiyo aliingia safu ya swala na joho lake. Shabani, Mtanzania wa jeshi letu, akamvuta nje.

"We! Unasimamaje mbele ya Mola na kitu hicho?"

"Nifungue basi, kama una mikono."

Ngumi. Musa akarudisha na glavu ya chuma, shavu la Shabani likapasuka hadi fizi zikaonekana. Waligaragazana mchangani kama mbwa. Watu wanne ndio waliowatenganisha.

Nilicheka. Naandika hivyo hivyo: nilicheka.

Musa anasema hashuki tena. Atasalia juu, peke yake, nyuma ya kingo za ukuta. Huku chini hatuwezi kumwona.

Jumatano, 14 Januari

Thelathini walipanda, ishirini na tisa wakashuka. Sikuachia jiwe mpaka Musa aliposimama akapunga mkono. Mhandisi akakasirika kwa kucheleweshwa. Amefungia mizani yangu stoo. Mbele ya watu wote: "Wewe fundi, nyundo. Hesabu ni zangu."

Sawa. Khalas. Sipimi tena, sihesabu mtu.

Nilifika mji huu na nyundo moja. Ananionyesha nyundo.

Alhamisi, 15 Januari

Magunia yalikuwa meusi.

Vumbi liliwasumbua watu wa kamera, wakayamwagia maji kwa mpira asubuhi. Nikainua moja. Kilo thelathini, mkono wangu haukosei. Mara arobaini, elfu moja na mia mbili. Mita mia na tatu. Nilipata jibu kabla sijaliweka chini.

Nikafikiri: lipige ukuta. Mhandisi aaibike. Ukuta ni mtupu, ni adhuhuri, watu wameshuka.

Sikuhesabu walioshuka.

Mhandisi akainua mkono, kamba ikavutwa. Jiwe lilipokuwa hewani nikakumbuka. Nikaita "Musa!" Lilivunja nguzo kama muwa. Ukuta ukajikunja, mita tano, naye ndani yake. Boriti ilimwangukia mguu. Mfupa wa muundi ulitoboa deraya. Joho lote lilikuwa jekundu, msalaba hukuuona. Kuna mtu alipiga makofi, akidhani ni mchezo. Kamera haikuzimwa.

Nilimfunga paja kwa kamba yangu ya Matrah, nikakaza mpaka akapiga yowe. Shabani, shavu lina nyuzi tisa, alimpakata kichwa akawa anamsomea shahada sikioni.

Jumamosi, 17 Januari

Wamekata mguu chini ya goti.

Kuna karatasi ya kutia sahihi. Inasema upepo. Mhandisi ananipa kiti sasa. "Upepo, fundi, ama vipi?" Sijatia sahihi. Sijakataa pia.

Rose alipiga simu kutoka nyumbani. "Kaka, wewe ndiye mpimaji. Ilikuwaje?"

Nikasema upepo.

Nimevunja kufuli ya stoo. Nimepima gunia moja, bado bichi. Ishirini na tisa, baada ya siku mbili za jua. Nimeandika na kalamu ya karakana juu ya karatasi yao.

Jumatatu, 19 Januari

Nilimwambia Musa, hospitalini. Niliona yamelowa. Nilijua mita. Nilinyamaza.

Akauliza:

"Ulinisahau, au ulinikumbuka?"

"Nilikusahau."

Akatazama dari.

"Nigeuzie kitanda, shemeji. Kimeelekea mlangoni."

Kibla hapa ni magharibi, upande wa dirisha. Kitanda kina magurudumu manne, mawili hayazunguki. Nikakiinua upande wa miguu. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia.

Akaanza kusali. Nikatoka hadi ukumbini, nikampigia Rehema.